Kombora ama Roketi? Stori ya Ngomeni, Kijiji cha Magarini Kilichorusha Setilaiti Tisa

Ukitoka Malindi ukashika barabara ya Lamu, unavuka daraja la Sabaki, unapita Mambrui, unafika Gongoni, halafu unakata kulia. Njia hiyo inakutoa Ngomeni, kijiji cha wavuvi, mikoko na mashamba ya chumvi, ndani kabisa ya Magarini. Simama ufuoni ucheki bahari. Kule mbali utaona vitu kama meza za jitu, miguu ya chuma imezama majini. Ukidhani ni mitambo ya kuchimba mafuta hujakosea sana, maanake moja ilianza maisha hivyo. Lakini kutoka 1967 hadi 1988, hapo ndipo roketi zilikuwa zinatoka kwenda anga za juu.

Sai simu yako inakuletea klipu za vita kila siku. Makombora yanapaa usiku, manowari zinatoa moshi, na kijiweni kila msee amegeuka jenerali. Lakini ukiuliza mbogi yako tofauti ya roketi na kombora, watu wanaanza kukohoa. Basi tulia tukupange. Jibu la hilo swali liko hapa hapa Pwani, na ukilijua hutawahi tena kuangalia zile meza za Ngomeni vile ulikuwa unaziangalia.

ROKETI NI GANI, KOMBORA NI GANI?

Tuanze na kitu simple. Roketi ni injini inayosukuma kwa kutema gesi moto nyuma kwa nguvu. Injini ya ndege inavuta hewa ndiyo ichome mafuta. Roketi haihitaji hewa, inabeba kila kitu chake ndani, ndiyo maana inaweza kufanya kazi hata mahali hakuna hewa kabisa.

Kombora ni silaha yenye injini, kitu cha kuiongoza na kichwa chenye baruti. Injini yenyewe mara nyingi ni ya roketi. Kwa maneno mengine, chukua roketi, weka kichwa cha kulipuka juu, ielekeze kwa mtu. Hilo ni kombora. Toa hicho kichwa, weka setilaiti, ielekeze angani kwa kasi ya kutosha. Hiyo sasa ni safari ya anga.

Kasi ndiyo inaamua. Setilaiti ya chini inahitaji karibu kilomita 28,000 kwa saa ndiyo izunguke dunia bila kuanguka. Kombora kubwa la kutoka bara moja hadi lingine linafika karibu kilomita 24,000 kwa saa, linatoka nje ya hewa, halafu linarudi chini upande ule mwingine. Unaona vile hizo namba zimekaribiana? Aliyeweza moja, ya pili haiko mbali.

Na historia inasema hivyo hivyo. Roketi kubwa ya kwanza duniani, V-2 ya Ujerumani, ilikuwa silaha. Septemba 1944 ilianza kupiga Paris na London. Mtaalamu wake mkuu, Wernher von Braun, baadaye aliwajengea Wamarekani roketi iliyopeleka watu mwezini. Sputnik, setilaiti ya kwanza ya dunia, ilipaa 4 Oktoba 1957 juu ya R-7, na R-7 ilikuwa imeundwa na Warusi kama kombora la kubeba bomu la nyuklia.

WAITALIANO WALIKUJA MARA MBILI

Wasee wengi wanajua Malindi kama mji wa Waitaliano, pizza na gelato. Wachache wanajua kwamba ndege za Italia ziliwahi kudondosha mabomu hapo. Ilikuwa Oktoba 1940, Vita vya Pili vya Dunia vimepamba moto. Italia ilikuwa inashika Somalia na Ethiopia, Uingereza inashika Kenya, na Malindi ikajikuta katikati.

Mara ya pili walikuja na karatasi za mkataba. Msee aliyekuwa nyuma ya mpango aliitwa Luigi Broglio, profesa wa Chuo Kikuu cha La Sapienza, Roma. Na cheki hii: alikuwa pia afisa wa jeshi la anga la Italia, mpaka akafika cheo cha jenerali. Mwaka wa 1962 Italia na NASA wakakubaliana. Marekani ingetoa roketi na mafunzo, Italia ingeunda setilaiti na kutafuta mahali pa kurushia.

Setilaiti ya kwanza ya Italia, San Marco 1, ilirushwa 15 Desemba 1964 kutoka Wallops Island, Marekani, na mafundi wa Kiitaliano wenyewe ndio walioirusha. Wakati huo huo, huku Ngomeni mambo yalikuwa yameshaanza. Mtambo wa zamani wa mafuta ulikuwa umeletwa, ukabatizwa Santa Rita, na mwaka huo wa 1964 roketi ndogo za kupima hewa ya juu zikaanza kuruka kutoka hapo. Baadaye jukwaa kubwa la San Marco likasimamishwa kando yake.

Kazi waligawa hivi. Roketi ilikaa kwa San Marco, ikiwa imelala ndani ya banda, halafu inasimamishwa wakati wa kuruka. Watu wa kubonyeza batani walikuwa Santa Rita, mbali kidogo, wameunganishwa na nyaya. Hiyo haikuwa mapambo. Roketi ikilipuka mahali inaposimama, hutaki kuwa jirani yake.

SCOUT: MTOTO WA MAKOMBORA

Roketi kubwa iliyotumika Ngomeni iliitwa Scout. Urefu karibu mita 23, uzani karibu tani 20, hatua nne zilizopangwa moja juu ya nyingine. Hatua ya chini inawaka, inaisha, inaachwa ianguke, ya pili inashika, hivyo hivyo mpaka ya nne inasukuma setilaiti kwa njia yake. Wazo ni kuacha mzigo uliokwisha kazi ndiyo kilichobaki kiwe chepesi.

Sasa ukifungua hizo hatua uangalie zilitoka wapi, unashtuka:

- Ya kwanza, Algol, ilitokana na teknolojia ya Polaris, kombora la nyuklia la nyambizi za Marekani.
- Ya pili, Castor, ilitokana na Sergeant, kombora la jeshi la nchi kavu la Marekani.
- Ya tatu na ya nne, Antares na Altair, zilitokana na Vanguard, roketi ya setilaiti iliyokuwa chini ya jeshi la wanamaji la Marekani.

Hatua zote nne zilitumia mafuta makavu, yaani mchanganyiko mgumu kama raba uliojazwa ndani ya bomba lenyewe. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuuweka miezi na miaka ukiwa tayari. Ubaya ni kwamba ukiwasha, umewasha. Hakuna kuzima, hakuna kupunguza. Majeshi yanapenda mafuta makavu kwa sababu hiyo ya kwanza: kombora linakaa tayari, amri ikitoka linatoka dakika hiyo hiyo, hakuna kungoja lijazwe mafuta.

Kwa hivyo babu yako wa Ngomeni akikuambia aliona moto ukipanda kutoka baharini, alikuwa anaona teknolojia ya kombora la nyambizi. Tofauti ni kwamba juu yake hakukuwa na bomu.

KWA NINI MAGARINI?

Sababu ya kwanza ni ikweta. Dunia inajizungusha kwenda mashariki, na pale ikweta kasi hiyo ni karibu kilomita 1,670 kwa saa. Ukirusha roketi kuelekea mashariki ukiwa karibu na ikweta, dunia yenyewe inakusukuma bure. Ngomeni iko kama kilomita 330 tu kusini mwa ikweta. Roketi ndogo kama Scout ilihitaji msukumo wowote inaopata.

Sababu ya pili ni bahari. Hatua za roketi zikiisha lazima zianguke mahali. Mashariki ya Ngomeni kuna Bahari ya Hindi tupu, hakuna mji wa kuangukiwa. Ukitaka kujua kwa nini hii ni muhimu, kumbuka kijiji cha Mukuku, Makueni. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya karibu kilo 500, upana wa mita mbili na nusu hivi, ilidondoka kutoka angani. Shirika la Anga la Kenya likasema ni kipande cha roketi. Bahati nzuri hakuna aliyeumia.

Sababu ya tatu ni ya wanasayansi. Setilaiti inayozunguka juu ya ikweta inakwepa sehemu kubwa ya mionzi iliyonaswa karibu na dunia, ile inayoharibu vipimo. Kwa watu wanaotafuta miale ya X kutoka kwa nyota, hiyo njia ni dhahabu. Marekani ilikuwa na viwanja vyake vikubwa, lakini hakuna kilichokuwa karibu na ikweta kama Ngomeni.

SETILAITI TISA

Hii hapa orodha kamili ya setilaiti zilizorushwa na Scout kutoka Ngomeni. Zote tisa zilifika.

1. San Marco 2, 26 Aprili 1967. Ya Italia, kupima uzito wa hewa ya juu.
2. Uhuru, 12 Desemba 1970. Ya Marekani, miale ya X.
3. San Marco 3, 24 Aprili 1971. Ya Italia.
4. Explorer 45, 15 Novemba 1971. Ya Marekani, kuchunguza sumaku na chembechembe zinazozunguka dunia.
5. SAS-2, 15 Novemba 1972. Ya Marekani, miale ya gama.
6. San Marco 4, 18 Februari 1974. Ya Italia.
7. Ariel 5, 15 Oktoba 1974. Ya Uingereza, miale ya X.
8. SAS-3, 7 Mei 1975. Ya Marekani, miale ya X.
9. San Marco D/L, 25 Machi 1988. Ya Italia, na ya mwisho.

Ya namba mbili inahitaji aya yake. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa kwa kazi moja tu, kuangalia mbingu kwa miale ya X. Ilirushwa siku ya Jamhuri, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, na ndiyo maana ikapewa jina la Kiswahili. Aliyeisimamia upande wa NASA alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend. Kabla ya Uhuru, wanasayansi walikuwa wanarusha roketi ndogo zinazochungulia angani kwa dakika chache halafu zinaanguka. Uhuru ilikaa juu ikachora ramani ya vyanzo 339 vya miale ya X. Vipimo vyake vya Cygnus X-1 vilisaidia wanasayansi kukubali kwamba mashimo meusi kweli yapo. Aliyeongoza sayansi yake, Riccardo Giacconi, alipata Nobel ya Fizikia 2002.

Kwa hivyo vitabu vya astronomia vya dunia nzima vina neno la Kiswahili, na kile chombo kilianzia safari yake Magarini. Je, shuleni uliwahi kuambiwa? Wengi wetu hatukuambiwa.

KOMBORA LILILORUSHWA PWANI KWELI KWELI

Sasa tugeuze ukurasa, maanake Pwani pia imeona ule upande mwingine.

Tarehe 28 Novemba 2002, asubuhi, hoteli ya Paradise kule Kikambala, kaunti ya Kilifi, ililipuliwa kwa gari lenye bomu. Wakenya 10 waliuawa, wakiwemo wacheza ngoma waliokuwa wanakaribisha wageni, pamoja na Waisraeli 3. Karibu wakati huo huo, makombora mawili yalirushwa kwa ndege ya abiria ya Arkia iliyokuwa inapaa kutoka uwanja wa Moi, Mombasa, ikiwa na zaidi ya abiria 250. Yote mawili yakakosa. Ndege ikaendelea mpaka Tel Aviv.

Makombora hayo yalikuwa Strela-2, ya Kisovieti, ya kubebwa begani. Kitu chenyewe hakifiki mita moja na nusu. Ukikibeba na bomba lake ni kama kilo 15, uzani wa mtungi mdogo wa gesi. Pua yake inanusa joto la injini ya ndege na kulifuata, na kinaweza kufika ndege iliyo umbali wa kilomita tatu na kitu. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walisema yaliingia Kenya kwa bahari kutoka Somalia.

Weka hizo picha mbili pamoja. Roketi ya tani 20, mita 23, iliyopaa Ngomeni mara tisa bila kumuua mtu, na kijibomba cha kilo 15 ambacho kilikaribia kuangusha ndege nzima. Kwa hivyo ukiona klipu ya silaha kubwa ukasema noma, kumbuka ukubwa hauelezi hatari. Swali ni moja: nani amelishika, na amelielekeza wapi?

AINA ZA MAKOMBORA, KWA UFUPI

Ndiyo ukiwa kijiweni usiaibike, shika hizi.

Kombora la balistiki: linasukumwa juu dakika za kwanza, halafu linaendelea kwa mwendo wake kama jiwe lililorushwa, linashukia mbali. Yanapangwa kwa umbali. Chini ya kilomita 1,000 ni masafa mafupi, kama Scud ya Kisovieti iliyotumiwa na Iraq 1991 dhidi ya Saudi Arabia na Israeli. Kilomita 1,000 hadi 3,000 ni ya kati. Zaidi ya 5,500 linaitwa la kuvuka mabara, kama Minuteman III ya Marekani.

Kombora la krusi: hili ni kama ndege ndogo isiyo na rubani. Linaruka chini chini kwa mabawa na injini yake mpaka mwisho, linakwepa rada. Tomahawk ya Marekani ndiyo maarufu, inaenda karibu kilomita 1,600.

Kombora la kuzamisha meli: Exocet ya Ufaransa ilipata jina 1982 kwenye vita vya visiwa vya Falkland, ilipochoma manowari ya Uingereza, HMS Sheffield. Kutoka Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen walianza kushambulia meli za mizigo Bahari ya Shamu, na hawakutumia droni peke yake, walitumia hata makombora ya balistiki. Meli nyingi zikaanza kuzunguka Afrika Kusini badala ya kupita Suez. Safari ikirefuka, gharama inapanda, na mzigo wa kuja Mombasa kutoka Ulaya unaguswa. Kombora la Yemen linaweza kukupata dukani.

Kombora la kuangusha ndege: kuanzia Strela-2 ya begani hadi Patriot ya Marekani na S-300 ya Urusi, zinazobebwa na malori na zinazohitaji rada kubwa.

KENYA INA NINI?

Jeshi la Wanamaji la Kenya lilizaliwa 12 Desemba 1964, makao yake Mtongwe, Mombasa. Liliwahi kuwa na makombora ya kuzamisha meli. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 boti zake kadhaa ziliwekwa Gabriel za Israeli. Mwisho wa muongo huo zikaja KNS Nyayo na KNS Umoja, zilizojengwa Uingereza, zikiwa zimebeba Otomat. Na Otomat nayo ni ya nani? Ya Italia na Ufaransa pamoja. Yaani miaka ile ile Waitaliano walipokuwa wanamaliza kurusha setilaiti Ngomeni, kombora lenye mkono wa Italia lilikuwa linawekwa kwa manowari zetu Mombasa. Meli hizo mbili baadaye zilipelekwa Italia kurekebishwa, zikarudi 2011 bila makombora hayo.

Angani, ndege za kivita za F-5 zenye kambi yao Laikipia ndizo zilizotumika KDF ilipoingia Somalia Oktoba 2011. Hizo zote tulinunua. Hatujawahi kuunda kombora, na hiyo si aibu. Lakini inatuleta kwa swali lenyewe.

MBONA SHERIA INAZITAZAMA SAWA?

Mwaka wa 1987 nchi saba tajiri, Italia ikiwemo, zilianzisha mpango wa kudhibiti teknolojia ya makombora. Kanuni yake kuu: kuwa makini sana na kitu chochote kinachoweza kubeba kilo 500 hadi umbali wa kilomita 300. Na kwenye orodha hiyo roketi za setilaiti ziko pamoja na makombora ya balistiki. Hawakuzitenganisha, kwa sababu fundi anajua hazitengani.

India ni mfano mzuri. Mwaka wa 1980 ilirusha setilaiti yake Rohini kwa roketi ya SLV-3, kiongozi wa mradi akiwa A. P. J. Abdul Kalam. Mwaka wa 1989 wakajaribu kombora la Agni, na hatua yake ya kwanza ilitokana na SLV-3. Kalam huyo huyo ndiye aliyeongoza mradi wa makombora, na 2002 akawa rais. Korea Kaskazini nayo Desemba 2012 iliweka setilaiti angani, na badala ya pongezi ikalaaniwa na Baraza la Usalama. Wote walijua roketi ile ni mazoezi ya kombora.

Hata Italia yenyewe, kwenye miaka ya 1970, ilijaribu kombora lake la balistiki lililoitwa Alfa, huko Sardinia, kisha ikaliacha. Leo Italia inaongoza roketi ya Vega, iliyoanza kuruka 2012 kutoka Guyana ya Ufaransa. Ujuzi wa kurusha vitu haukupotea baada ya Ngomeni. Uliendelea, lakini uliendelea kwao.

NGOMENI SAI

Tangu 1988 hakuna setilaiti iliyorushwa Ngomeni. Lakini kituo hakijafa. Upande wa nchi kavu kuna antena kubwa zinazosikiliza na kuongoza setilaiti. Kinaitwa Kituo cha Anga cha Luigi Broglio, na tangu 2004 kiko chini ya Shirika la Anga la Italia. Darubini ya James Webb iliporushwa Siku ya Krismasi 2021 kutoka Guyana ya Ufaransa, antena za huku zilikuwa miongoni mwa za kwanza kuisikia ikiwa njiani. Kila mtu duniani alipokuwa anangoja, sikio moja lilikuwa Magarini.

Mwaka wa 2016 Kenya na Italia zilitia sahihi mkataba mpya huko Trento, Italia, wenye vipengele vya mafunzo, data na ushirikiano na taasisi zetu. Mwaka wa 2017 Kenya ikaanzisha Shirika la Anga la Kenya. Liko chini ya wizara gani? Wizara ya Ulinzi. Hapo usishangae, umeshajua kwa nini.

Na kuna hatua zimepigwa. Mwaka wa 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, iliachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga, Italia na Japani zikisaidia. Tarehe 15 Aprili 2023 Taifa-1 ikapaa juu ya roketi ya SpaceX. Ilipaa kutoka Vandenberg, California, kambi ya jeshi la anga za juu la Marekani. Yaani nchi iliyokuwa na uwanja wa kurushia setilaiti tangu 1967 ililipa nauli ikapande kwa jirani.

SASA, HII INAKUHUSU NINI?

Ukizungumza na watu wa Magarini juu ya San Marco, swali halikawii: sisi tulipata nini? Ni swali halali. Zile roketi zilikuwa za Marekani, majukwaa ya Italia, setilaiti za Marekani, Italia na Uingereza. Ya kwetu yalikuwa ikweta, bahari na jina la Uhuru. Ikweta na bahari haziishi, lakini pia hazifundishi mtu kusoma data.

Na ujuzi wa roketi ndio ule wenye sura mbili. Anayeujua anaweza kujua mvua inakuja Garashi, samaki wako wapi Ungwana, nani anavua usiku bila leseni. Anaweza pia kuunda silaha. Asiyeujua anabaki kuangalia moto ukipanda na kuuliza ni nini ile. Ndiyo maana mjadala wa kituo cha kurushia roketi Kenya ukirudi, na huwa unarudi, usiulize tu kodi ya ardhi ni ngapi. Uliza vijana wangapi wa Gongoni, Marafa na Malindi wataingia kwa chumba cha kubonyeza batani. Uliza data itakaa wapi. Uliza nani ataamua roketi inabeba nini, na bunge litaambiwa lini.

Siku ukienda Malindi kubarizi, toka mapema, panda mathree ya Gongoni, malizia na nduthi hadi Ngomeni. Ucheki zile meza za chuma baharini. Ukiwa na mdogo wako, mwambie kutoka pale kitu kinachoitwa Uhuru kilienda kuangalia mashimo meusi. Halafu mwambie ile injini ilikuwa ya ukoo wa makombora, na kwamba waliochagua kuipeleka kwa nyota walikuwa watu tu, kama yeye.